Springi ya Glock Gen4: bastola mpya inapokwama na ukaambiwa "piga risasi zaidi"

Januari 2010, kwenye maonyesho ya SHOT Show mjini Las Vegas, kampuni ya Glock ilizindua kizazi cha nne cha bastola zake, Gen4. Zilizotangulia zilikuwa mbili: Glock 17 ya risasi za 9 mm na Glock 22 ya risasi za .40. Haukupita muda, wenye 9 mm wakaanza kulalamika. Ganda linabanwa kwenye mlango wa kutolea maganda badala ya kuruka nje. Slaidi, chuma cha juu kinachorudi nyuma na mbele kila unapopiga, inarudi mbele bila kubeba risasi inayofuata. Risasi ya mwisho inaisha na slaidi inajifunga, wakati ilitakiwa ibaki wazi. Wengine ganda la moto likawa linawapiga usoni. Jibu walilopewa wengi, dukani na kwenye viwanja vya shabaha, lilikuwa lilelile: hiyo bado ni mpya, haijalainika, ipige risasi mia kadhaa kwanza ndipo uihukumu.

Septemba 2011 kampuni yenyewe ikatangaza kuwabadilishia wenye Gen4 springi ya kurudishia slaidi bila malipo, isipokuwa kwa zile ndogo kabisa, G26 na G27. Kumbe kwa wengi tatizo halikuwa ugeni wa bastola. Ilikuwa springi, na springi isiyofaa haigeuki kuwa inayofaa kwa kupigiwa risasi nyingi.

Nimeona kisa hiki kinastahili kuchambuliwa hatua kwa hatua kwa sababu ushauri ule bado unatolewa leo, na unatolewa kwetu pia. Mwenye kibali cha kumiliki bastola Kenya au Tanzania hana anasa ya kununua risasi maboksi kwa maboksi. Cheti cha Kenya hutaja hata kiasi cha risasi unachoruhusiwa kununua na kuwa nacho. Ukimwambia mtu huyo akapige risasi mia tano ili kasoro ijiondoe yenyewe, umemwambia atumie fedha nyingi na kibali chake kutafuta jibu ambalo angeweza kulipata kwa risasi thelathini. Tena huenda ndiyo bastola anayotembea nayo kulinda roho yake. Jambo hilo haliachiwi bahati.

Tuanze na inavyofanya kazi, maana bila hapo malalamiko yote yanafanana.

Baruti ikilipuka, kichwa cha risasi kinasukumwa mbele na slaidi inasukumwa nyuma. Mwanzoni mtutu na slaidi vinarudi vikiwa vimefungamana kwa umbali mdogo. Halafu nyuma ya mtutu inashuka, vinaachana, na slaidi inaendelea na safari peke yake. Huo ni mtindo wa John Browning, na bastola nyingi za leo zinaufuata, Glock ikiwamo. Slaidi inaporudi, ekstrakta, kulabu ndogo iliyo kwenye slaidi, imelishika ganda kwenye ukingo wake na kulivuta kutoka chemba, tundu la nyuma ya mtutu risasi inamokaa. Likifika nyuma linagonga ejekta, kipande cha chuma kilichotulia kwenye fremu, yaani mwili wa chini wa bastola, nalo linaruka nje. Slaidi inafika mwisho wa njia, springi iliyobanwa inaisukuma mbele, na ikipita juu ya magazini inaikokota risasi mpya hadi ndani ya chemba na kujifunga.

Yote hayo yanategemea nguvu moja tu, ile ya risasi yenyewe. Nguvu hiyo ina kazi nyingi za kulipia: kushinda springi, kushinda msuguano, kulitoa ganda, na kubakisha mwendo wa kutosha slaidi ifike nyuma kabisa. Springi ikiwa legevu mno, slaidi itarudi nyuma kwa kishindo lakini itakosa nguvu ya kuisukuma risasi mpya na kufunga. Ikiwa ngumu mno, slaidi haifiki nyuma inavyotakiwa. Hapo ganda linagonga ejekta kwa unyonge na kunaswa mlangoni slaidi inaporudi, au slaidi inageuka kabla haijaivuka risasi iliyo juu ya magazini, au haifiki pale kidude cha kuishikilia wazi kinapoikamata baada ya risasi ya mwisho.

Angalia tena malalamiko ya 2010. Matatu ya mwanzo, ganda kubanwa, risasi kurukwa na slaidi kutobaki wazi, yote ni dalili za slaidi inayokatisha safari. Si matatizo matatu. Ni tatizo moja lenye nyuso tatu, na mtu aliyeyaandika pamoja kwenye karatasi angeliona mapema kuliko aliyeyahesabu kama mikosi mbalimbali.

Kwa nini springi iwe ngumu? Kabla ya Gen4, Glock 17 ilikuwa na springi moja kwenye fimbo yake. Gen4 ikaja na springi mbili, moja ndani ya nyingine, muundo ambao bastola ndogo za Glock zilikuwa nao tayari. Lengo halikuwa baya. Springi mbili hudumu zaidi na hupunguza kishindo cha slaidi ikifika nyuma, na risasi ya .40 ilihitaji hilo. Iliingia sokoni 1990, ikapendwa sana na polisi wa Marekani, lakini bastola nyingi zilizoitumia ziliundwa kwanza kwa ajili ya 9 mm. Fanya hesabu ndogo. Kichwa cha kawaida cha .40 kina uzito wa grain 180, yaani gramu 11.7, na hutoka kwa takriban mita 300 kwa sekunde. Kichwa chepesi cha 9 mm ni grain 115, gramu 7.5, kwa takriban mita 360 kwa sekunde. Zidisha uzito kwa mwendo na utaona .40 inaisukuma slaidi kwa nguvu inayozidi ile ya 9 mm kwa takriban asilimia 30. Springi inayomtosha huyu inaweza kumlemea yule. Maelezo ambayo mafundi wengi walikubaliana nayo ni hayo: springi za kwanza za Gen4 zilifikiria .40 zaidi, na 9 mm ikabaki na nafasi finyu.

Neno nafasi nataka tulitazame kwa makini, kwa sababu ndilo linaloeleza kitu kilichowachanganya watu mwaka mzima: bastola mbili za namna moja, za mwaka mmoja, moja inakwama na nyingine haikwami kabisa. Mwenye nzima anamwambia mwenye kasoro, "Tatizo ni mkono wako." Naye hakuwa akisema uongo. Bastola yenye fremu ya plastiki ni nyepesi. Mpigaji akilegeza kifundo cha mkono, fremu nayo inarudi nyuma pamoja na slaidi, na sehemu ya nguvu iliyotakiwa kuibana springi inapotelea mkononi. Bastola yenye nafasi pana inausamehe mkono kama huo. Yenye springi ngumu haiusamehi. Ongeza na risasi dhaifu. Marekani ilipita kwenye uhaba wa risasi 2009, na watu wakapiga chochote walichokipata, hasa zile za bei nafuu za grain 115. Ongeza na ukavu wa mafuta. Kila kimoja peke yake hakitoshi kuikwamisha bastola. Vikikutana vitatu, inakwama. Ndiyo maana aliyepiga risasi za kijeshi za NATO, zenye kichwa cha grain 124 na baruti kali zaidi, aliapa kwamba bastola yake ni kamilifu, na jirani yake mwenye boksi la bei rahisi akaapa kinyume. Wote walisema kweli.

Kwa hiyo lawama ya mkono ilikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaochelewesha uchunguzi kuliko uongo mtupu. Mtu anarekebisha mkono, mikwamo inapungua kidogo, anaridhika, na springi inabaki palepale ikisubiri siku ambayo jasho, hofu au kuumia vitaulegeza mkono huo tena.

Sasa, je, kulainika ni hadithi tu? Hapana, na hapa ndipo waliotoa ule ushauri walipopata nguvu. Mwenye gari anajua injini iliyofunguliwa na kufungwa upya inavyoendeshwa kwa upole kilomita za mwanzo. Chuma na chuma vinavyosuguana huondoleana vijinundu vidogo vya kiwandani. Springi mpya nayo, ikibanwa mara za mwanzo, hulegea kidogo kisha hutulia. Zipo kampuni zinazolisema hilo wazi. Kitabu cha maelekezo cha Kahr kinataka upige risasi 200 kabla ya kuihesabu bastola kuwa ya kutegemewa. Kimber, kwa bastola zake za mtindo wa 1911 zinazofungwa kwa kubana sana, inataja risasi 400 hadi 500. Huo ni ushauri wa mtengenezaji kuhusu bastola aliyoiunda mwenyewe, akijua ameiacha na ubano kiasi gani. Glock haijawahi kuuza bastola kwa sharti la namna hiyo. Mtu akichukua kanuni ya Kimber na kuivisha Glock, amechanganya mambo.

Na hiyo 1911 yenyewe, babu wa zote hizi, hakuna aliyeisubiri ilainike. Jeshi la Marekani lilipoijaribu kabla ya kuikubali rasmi Machi 1911, bastola moja ilipigishwa risasi 6,000 ndani ya siku mbili. Ikipata moto kupita kiasi, inachovywa majini na kuendelea. Ilimaliza bila kukwama hata mara moja, huku mshindani wake, bastola ya kampuni ya Savage, ikihesabiwa mikwamo 37. Bastola inayobana ili iwe na shabaha kali ina haki ya kulainika. Bastola ya kazi inatakiwa ifanye kazi tangu siku ya kwanza.

Tofauti inayotafutwa, basi, ni hii: hitilafu ya ugeni hupungua kadiri unavyopiga, na hitilafu ya kasoro hubaki palepale au hufuata kitu kimoja, iwe magazini, aina ya risasi au mkono. Tuseme kwenye risasi 50 za kwanza umekwama mara nne, 50 za pili mara mbili, 50 za tatu hakuna. Endelea, inalainika. Ukikwama mara tatu, kisha mbili, kisha tatu, kisha tatu tena, acha kupiga. Risasi nyingine mia hazitakuambia kitu ambacho hizo hazijakuambia. Kwa mpango huo, wenye Gen4 ya 9 mm wangejua ndani ya siku moja uwanjani wako upande gani.

Lakini ili hesabu hiyo iwe na maana, lazima iandikwe, na lazima uanze na bastola iliyoandaliwa sawasawa.

Glock mpya inakuja na grisi ya rangi ya shaba kwenye reli za slaidi. Wengi wanaiona kama uchafu wa kiwandani na kuifuta yote kwa petroli au kiosha bunduki, kisha wanaenda kupiga ikiwa kavu. Usiifute. Kampuni inataka ibaki, kwa sababu inasaidia chuma kizoeane na chuma. Ondoa magazini, vuta slaidi, tazama chemba kwa macho na uipapase kwa kidole, na uhakikishe tena, maana Glock haifunguliwi bila kubonyeza triga kwanza na hapo ndipo watu wamejipiga. Ikishafunguka, pitisha kitambaa kikavu ndani ya mtutu kuondoa mafuta ya kuhifadhia. Weka tone moja moja kwenye reli, juu ya mtutu pale unapokutana na slaidi, na pale nyuma ambapo bamba la triga linakutana na kiungio chake. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika, na likikauka triga inakuwa nzito. Njia ya pini inayogonga kiini cha risasi iachwe kavu kabisa. Mafuta yakiingia huko yanakusanya masizi na mabaki ya baruti, pini inagonga kwa unyonge, na unapata risasi zisizolipuka ambazo utazilaumu bure.

Halafu yape magazini namba. Kalamu ya wino wa kudumu inatosha: 1, 2, 3 kwenye kitako. Bila namba hutajua kamwe kwamba mikwamo yote ilitoka kwenye moja, na kwa uzoefu wa mafundi wa silaha, magazini ndiyo mshukiwa wa kwanza kwenye bastola yoyote inayojijaza yenyewe. Midomo iliyopinda kidogo au springi iliyochoka inatosha kuharibu kila kitu.

Uwanjani, miwani na viziba masikio vikiwa mahali pake, jaribio la kwanza liwe la risasi moja. Weka risasi moja tu ndani ya magazini namba 1, piga, na utazame kama slaidi imebaki wazi. Rudia na namba 2, kisha namba 3. Kisha yote tena kwa risasi za aina nyingine, nzito au kali zaidi. Jaribio hili linapima kitu kimoja, kama slaidi inamaliza safari ya kurudi nyuma, nalo linakula risasi chache mno. Slaidi ikigoma kubaki wazi kwa magazini moja tu, chunguza magazini hiyo. Ikigoma kwa magazini zote ukipiga grain 115 na kukubali kwa zote ukipiga 124 za kijeshi, umeshaliona tatizo: nguvu ya risasi na ugumu wa springi haviendani. Sharti mpigaji asiweke kidole gumba juu ya kidude cha kushikilia slaidi, maana wenye mikono mikubwa hukibana bila kujua na slaidi haitabaki wazi hata ukipiga risasi gani. Kisha mpe bastola ileile mtu mwingine mwenye mkono imara, arudie. Akipata matokeo yaleyale, mkono wako umeshaondolewa mashaka.

Kuna jambo moja la tabia linaloharibu uchunguzi. Kila aliyefundishwa vizuri akikwama anapiga kitako cha magazini, anavuta slaidi na kuendelea, ndani ya sekunde moja. Kwenye hatari ndivyo inavyotakiwa. Kwenye uchunguzi, umefuta ushahidi. Ikikwama, ondoa kidole kwenye triga, mdomo wa bastola ubaki ukielekea shabaha, na utazame. Ganda limesimama wima mlangoni? Slaidi haikufika nyuma ya kutosha, au ejekta haikuligonga vizuri. Ganda bado limo chembani na slaidi imefunga? Halikuvutwa. Risasi mpya pua yake imegota chini ya mdomo wa chemba? Tazama magazini na umbo la kichwa cha risasi. Slaidi imebaki na upenyo kidogo haijafunga kabisa? Springi legevu, uchafu, au risasi yenye vipimo vibaya. Umebonyeza triga na hakukutokea kitu? Subiri angalau sekunde 30 huku mdomo ukielekea shabaha, maana risasi inaweza kuchelewa kulipuka. Na ukisikia mlio hafifu usio wa kawaida, simama hapohapo, toa magazini, fungua bastola na utazame mtutu. Kichwa kikiwa kimenasa ndani na ukapiga kingine nyuma yake, mtutu unaweza kupasuka mkononi mwako.

Nirudi kwenye Gen4, kwa sababu kipo kipimo kimoja kilichowapoteza watu waliojua bunduki vizuri kuliko waliokuwa wageni. Glock zina jaribio la zamani la springi. Bastola tupu, iliyohakikiwa mara mbili, unaielekeza juu mahali salama, unabonyeza triga na kuishikilia, unavuta slaidi nyuma kisha unairudisha polepole. Springi nzima itaifunga slaidi hadi mwisho dhidi ya uzito wake. Iliyochoka itaiacha na pengo. Watu walifanya jaribio hilo kwenye Gen4 zao, slaidi zikafunga vizuri kabisa, nao wakahitimisha kwamba springi haina tatizo. Lakini jaribio lile linatafuta ulegevu, na hapa kosa lilikuwa ugumu. Springi ngumu kupita kiasi italifaulu kwa kishindo. Waliupima upande usiougua, na matokeo mazuri yakawafunga macho kwa muda mrefu.

Kisha kulikuwa na yale maganda ya usoni. Hili liliwekwa kwenye kapu moja na mikwamo, na ndilo lililochelewesha suluhisho kwa wengi. Springi ilipobadilishwa, baadhi waliona mikwamo imekwisha lakini maganda bado yanawarukia kwenye paji la uso. Wakasema springi mpya haijasaidia. Ilisaidia, lililobaki lilikuwa tatizo la pili. Njia anayopita ganda inaamuliwa na ekstrakta inavyolishika na ejekta inavyoligonga. Ejekta ya zamani ya 9 mm ilikuwa na namba 336 iliyopigwa ubavuni. Kampuni ikaleta nyingine yenye umbo tofauti, namba 30274, inayolisukuma ganda zaidi kuelekea kulia. Bastola nyingi zilipona kwa hiyo. Ndiyo sababu nashikilia kwamba mikwamo iandikwe kwa aina yake, siyo "imekwama mara tano", bali "mara tatu ganda limebanwa, mara mbili slaidi haikubaki wazi, maganda sita yamekuja usoni". Sentensi ya kwanza haimsaidii fundi. Ya pili inamwonyesha sehemu mbili za kufungua.

Wapo ambao hawakusubiri kampuni. Walinunua vipande vya kuunganisha ili watumie springi moja ya mtindo wa Gen3, au springi laini kutoka kwa watengenezaji wengine. Kwa wengi bastola ziliacha kukwama, na hilo lenyewe lilikuwa ushahidi mzuri kwamba chanzo kilikuwa springi. Kama majaribio ya uwanjani, siyapingi. Ninachokipinga ni kuanza na tupa na msasa: kukata mzunguko mmoja wa springi, kusugua njia ya risasi kwa mashine, kupinda midomo ya magazini kwa koleo. Ukishafanya hivyo umeharibu dhamana, umefuta kipimo cha mwanzo, na kama kasoro ilikuwa kwingine sasa unazo mbili. Kwetu Afrika Mashariki kuna sababu moja zaidi ya kujizuia: kuchezea silaha yenye kibali bila fundi aliyeidhinishwa kunaweza kukuletea maswali ambayo hutaki kuyajibu. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, kiwe kinachoweza kurudishwa, na urudie jaribio lilelile kwa risasi zilezile.

Inafaa kusema pia kilichotokea baadaye, ili mtu asiondoke na picha kwamba Gen4 ilikuwa bastola mbovu. Januari 2013 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, baada ya majaribio ya kushindanisha, ilichagua Glock 17 Gen4 kurithi nafasi ya bastola ya Browning iliyokuwa na majeshi yake tangu miongo mingi, ikaagiza zaidi ya 25,000. Ni muundo uleule wa springi mbili. Kilichobadilika ni kipimo cha ugumu wake, na Gen5 ilipotoka 2017 muundo huo ukaendelea. Wazo lilikuwa zuri tangu mwanzo na utekelezaji wa kwanza kwa 9 mm ndio uliopungukiwa. Kampuni ilipaswa kulisema mapema na kwa sauti zaidi kuliko ilivyofanya, maana kati ya malalamiko ya kwanza na tangazo la 2011 kuna watu waliobeba bastola zile kiunoni wakiamini kosa ni lao.

Ukikutana leo na Gen4 ya 9 mm iliyopita mkononi mwa mtu mwingine, na zipo, huna haja ya kuanza na risasi mia. Ihakikishe ni tupu, toa slaidi, chomoa springi na utazame mwisho wa fimbo yake: zile zilizorekebishwa zimepigwa tarakimu ndogo za kuzitambulisha, na wakala aliyeidhinishwa anaweza kukuambia tarakimu hizo ni za toleo gani kwa modeli yako. Kisha tazama ejekta ndani ya fremu, upande wa nyuma, kama ni 336 au 30274. Muulize muuzaji kama springi imewahi kubadilishwa na lini, na kama hajui, nunua mpya, kwani ni kipande cha bei ndogo kinachochakaa hata kwenye bastola isiyo na lawama. Baada ya hapo chukua magazini zako zenye namba, risasi za aina utakayobeba siku zote, na ufanye lile jaribio la risasi moja kabla ya kupiga nyingine yoyote.